Mgeni Mwenye Jembe: Hesabu ya Kujitolea Katika Visiwa vya Mbali

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Likizo ya kazi ya uhifadhi imeupindua utaratibu huo, kwa kuwa mgeni wa aina hii hujilipia nauli na chakula, kisha akadai jembe tangu siku ya kwanza. Watu wa kila umri huacha ofisi na madarasa yao kwa wiki mbili, au kwa miezi kadhaa, wakavuka bahari hadi visiwa visivyo na hoteli wala duka, ili wang'oe magugu, waokote taka, wahesabu viota au wasimamishe upya kuta za mawe zilizoanguka. Ni jambo la kuheshimiwa, nami sina nia ya kulibeza. Hata hivyo, methali ile ina upande usiosemwa: anayempa mgeni jembe lazima awe na jembe la ziada, amwoneshe mpaka wa shamba, amfundishe kutofautisha mche na gugu, na jioni amlishe. Penye shamba la kawaida upande huo ni mdogo kiasi cha kupuuzwa. Katika kisiwa cha mbali ndio hesabu yenyewe. Anayejitolea hufika akiwa mzigo, na hugeuka kuwa msaada baadaye, ikiwa mambo yamepangwa vyema; naamini mradi wa aina hii unapaswa kupimwa kwa jinsi unavyoikubali hesabu hiyo na kuipangia, kabla ya kupimwa kwa nia njema ya waliokuja.

Kwanza ni vizuri kueleza kwa nini visiwa vinahitaji mikono ya watu hata kidogo, maana wapo wanaouliza kwa haki: mahali pasipokaa mtu si pangejitunza penyewe? Pangeweza, kama mtu asingalifika kabla. Viumbe wengi wa visiwani waliishi vizazi kwa vizazi bila kumjua panya wala paka, na ndege wengine wakapoteza hata uwezo wa kuruka kwa sababu hapakuwa na wa kumkimbia. Katika kisiwa cha Stephens huko Nyuzilandi, mnara wa taa ulipoanza kazi mwaka 1894, paka walifika pamoja na walinzi wake, na katika muda mfupi sana ndege mdogo asiyeruka aliyeishi hapo akatoweka duniani. (Simulizi maarufu humtwika lawama paka mmoja wa mlinzi wa mnara, kwa kweli paka walikuwa wengi, lakini watu hupenda mkosaji awe mmoja.) Miaka 70 baadaye, katika kisiwa cha Big South Cape kilicho kusini mwa nchi hiyohiyo, panya walizagaa kufikia mwaka 1964 na kuangamiza popo na ndege ambao hawakuwa na makao mengine. Aina moja ya ndege, tieke wa Kisiwa cha Kusini, iliokolewa kwa sababu watumishi wa wanyamapori waliwahi kuhamisha ndege 36 hadi visiwa visivyo na panya. Tieke wote wa aina hiyo waliopo leo ni uzao wa hao 36.

Masimulizi kama hayo ndiyo yanayowavuta watu kujiandikisha, na ndiyo pia yanayowapotosha. Msomaji huvuta picha ya mtu aliyebeba kisanduku chenye ndege wa mwisho wa aina yake, akadhani naye atapewa kisanduku. Lakini kazi za namna hiyo, pamoja na kumwaga chambo chenye sumu kwa helikopta ili kuwamaliza panya, si za mtu aliyekuja likizo, wala hazipaswi kuwa zake. Katika kisiwa cha Gough, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, ambako panya wadogo wa nyumbani wamejifunza kuwala wakiwa hai makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wataalamu walifanya operesheni kubwa mwaka 2021, na kufikia Desemba mwaka huohuo panya akaonekana tena. Mahali ambapo waliobobea wanaweza kushindwa kwa sababu ya panya wachache waliosalia, hakuna nafasi ya kujaribu.

Kinachobaki kwa anayejitolea ni kazi ya kuchosha: kuinama, kung'oa, kubeba, kurudia. Sisemi hivyo kwa dharau. Uhifadhi wa visiwa, baada ya siku zile chache za helikopta na vyombo vya habari, ni kazi ya kuinama kwa miaka mingi, na bajeti za serikali au mashirika mara chache hutosha kuajiri migongo ya kutosha. Suala ni gharama ya kuufikisha mgongo mmoja mahali panapohusika.

Hakuna mfano ulio wazi zaidi ya Aldabra. Atoli hii ya Shelisheli, yaani pete ya visiwa vya matumbawe inayozunguka wangwa, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwa kikuu cha Mahé, na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1982. Kobe wake wakubwa wanakadiriwa kuwa takribani 100,000, na kasa hupanda fukwe zake kutaga mayai. Haina kijiji, wanaokaa huko ni watumishi wa kituo cha utafiti tu. Hata hivyo, mikondo ya bahari huipelekea taka za watu ambao hawajawahi kusikia jina lake. Mwaka 2019 kikundi cha watu waliojitolea, wengine raia wa Shelisheli na wengine kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, kilishinda wiki tano kikikusanya plastiki katika fukwe hizo pamoja na watumishi wa hifadhi, na wakaondoa tani 25. Hesabu waliyoifanya wakiwa kazini, iliyochapishwa mwaka uliofuata, ilikadiria kwamba zilibaki tani 513. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito huo ni zana za uvuvi, na kandambili peke yake zilikadiriwa kufika 360,000.

Gharama za kazi hiyo ndizo zinazonishughulisha zaidi. Wiki zile tano zilimeza zaidi ya dola 220,000 za Marekani, wastani wa karibu dola 8,900 kwa tani moja, ilhali waliookota hawakulipwa mshahara. Watafiti walikadiria kwamba kuisafisha atoli yote kungehitaji dola milioni 4.68 na saa 18,000 za kazi. Ukigawanya, utaona kwamba kila saa moja ya mikono ya bure ingegharimu dola 260. Fedha hizo huishia kwenye meli, mafuta, chakula, maji, boti ndogo za kuvuka miamba ya matumbawe na safari ya kuzirudisha taka Mahé, kwa sababu taka iliyorundikwa juu ya ufuo wa mbali bado ni taka ya ufuo huo. Tena tusisahau kwamba saa 18,000, kwa watu 12 wanaofanya kazi saa nane kila siku bila kupumzika, ni zaidi ya miezi sita mfululizo, wakati bahari ikiendelea kuleta taka nyingine kila bamvua.

Mtu anaweza kuzitazama tarakimu hizo akahitimisha kwamba zoezi lile lilikuwa anasa. Sikubaliani naye, ingawa simlaumu. Kasa anayepanda ufuo uliojaa nyavu hawezi kungoja mpaka mataifa yakubaliane kuhusu uvuvi wa jodari. Lakini faida kubwa zaidi ya wiki zile ipo katika ule uhesabuji: waliojitolea walipima, wakapanga taka kwa aina, wakaandika, na kwa njia hiyo taka za Aldabra zikaacha kuwa malalamiko zikawa ushahidi wenye uzito na bei, ambao nchi ndogo inaweza kuupeleka mbele ya wenye meli za uvuvi. Laiti wangaliokota bila kuhesabu, tani 25 zingaliondoka na hoja ingalibaki palepale.

Linganisha na kisiwa cha Tiritiri Matangi huko Nyuzilandi, ambacho hutajwa kila mara watu wanapotaka kuthibitisha kwamba watu wa kawaida wanaweza kukirudishia kisiwa uhai wake. Ni kweli kabisa. Kisiwa hicho cha hekta 220 kilikuwa malisho yaliyokwanguliwa, na kati ya mwaka 1984 na 1994 watu waliojitolea walipanda huko miti zaidi ya 250,000, hata leo ndege adimu wanaishi katika msitu uliopandwa kwa mikono ya wanafunzi na wastaafu. Kinachosahaulika ni kwamba Tiritiri Matangi ipo jirani na jiji la Auckland. Aliyejitolea alipanda boti asubuhi, akapanda miche yake, akarudi kulala kwake. Hakuhitaji kitanda, wala tangi la maji, wala mpango wa kumwokoa akivunjika mguu. Mfano huo ukichukuliwa na kupelekwa mwendo wa siku kadhaa baharini, huharibika njiani.

Visiwa vya mbali vilivyoielewa tofauti hiyo vimechagua muda mrefu na watu wachache. Katika kisiwa cha Raoul, kilicho kama kilomita 1,000 kaskazini-mashariki mwa Nyuzilandi, Idara ya Uhifadhi ya nchi hiyo kwa miaka mingi ilipokea watu wa kujitolea waliokaa kwa miezi, wakitembea kwa mstari ndani ya msitu wenye miinuko, kipande kwa kipande, wakitafuta mimea vamizi ambayo mbegu zake hudumu udongoni kwa miaka mingi. Katika atoli ya Kure, kwenye ncha ya mwisho ya safu ya visiwa vya Hawaii, vikundi vidogo navyo hukaa kwa miezi vikipambana na gugu la jamii ya alizeti linaloota kwa msongamano hadi albatrosi wakakosa pa kutagia. Mantiki ya kukaa muda mrefu ni rahisi. Gugu lililong'olewa leo si kitu endapo la jirani yake litatoa mbegu wiki tatu baada ya boti kuondoka. Isitoshe, mtu anayejifunza kwa wiki mbili kulitambua gugu likiwa na majani mawili tu ndio kwanza anaanza kuwa na manufaa siku anapofungasha mizigo yake. Anayebaki miezi sita anakula chakula kingi zaidi, lakini kiti alichokalia kwenye meli ni kilekile kimoja.

Kukaa huko kuna hatari zake. Machi 2006 volkano ya Raoul ililipuka na kumuua mfanyakazi mmoja wa Idara ya Uhifadhi aliyekuwa kazini, na wenzake wakalazimika kuondolewa kisiwani. Anayepokea watu mahali kama hapo anabeba dhamana ya maisha yao, na dhamana hiyo nayo ni sehemu ya gharama isiyoonekana katika picha.

Uzito wa jambo linalofuata hufichwa na udogo wake: mfuko wa suruali. Mbegu moja iliyonasa kwenye soksi, yai la mdudu kwenye mshono wa begi, panya mjamzito ndani ya kasha la chakula, kila kimoja chaweza kufuta kazi ya miaka 20. Ndiyo maana katika hifadhi ya Papahānaumokuākea, inayojumuisha Kure, nguo, mahema na vifaa vyote laini lazima viwe vipya au viwe vimetumika katika kisiwa hichohicho tu, kisha vigandishwe kwenye friza kwa saa 48 kabla ya kushushwa. Mtu anayehama kutoka kisiwa kimoja hadi cha jirani yake ndani ya hifadhi hiyohiyo hatumii viatu vilevile, anavaa vingine. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa urasimu. Mimi naliona kuwa kipimo cha kwanza cha uaminifu wa mradi, kwa sababu ni kukiri kwa maandishi kwamba mgeni ni hatari kwa kile alichokuja kukiokoa. Mradi unaokusalimu gatini kwa tabasamu bila kukuuliza buti zako zilikanyaga wapi mwezi uliopita haukuamini kwamba wewe ni hatari, na kwa hiyo haukiamini kisiwa chake kuwa dhaifu. Hata hatua za miguu zina madhara: ndege wengi wa baharini hutaga ndani ya mashimo ardhini, na mtu anayetembea nje ya njia humporomoshea kinda dari bila hata kusikia sauti.

Sasa fedha. Miradi mingi humtaka anayejitolea alipe, na watu hukasirika wakidhani ni dhuluma kulipia kazi ya kulima. Kwa hesabu za Aldabra nilizozitaja, malipo hayo yana haki yake. Mtu asiyelipa analipiwa na mwingine, na huyo mwingine pengine ni mfuko uleule ambao ungemwajiri mlinzi. Hatari iko kwingine. Ada ikishakuwa ndiyo chanzo kikuu cha mapato, mradi huanza kuwahitaji wageni kuliko kisiwa kinavyowahitaji, na hapo ndipo kazi huanza kubuniwa: kundi la Julai linapiga rangi kibanda kilichopigwa rangi na kundi la Mei, au linahesabu kitu ambacho hakuna atakayekisoma. Anayelipa hurudi kwao ameridhika, na gharama inabaki kwa ndege waliosumbuliwa bure. Udanganyifu huu hauhitaji mtu mbaya; unahitaji tu mhasibu mwenye wasiwasi.

Vilevile ada huchuja watu. Kisiwa kinaweza kukosa wakazi lakini hakikosi nchi, na vijana wa nchi hiyo, ambao ndio watakaokirithi na kukipigia kura, mara nyingi ndio wasio na uwezo wa kulipa. Kwa sababu hiyo nilivutiwa na muundo wa kikundi cha Aldabra, ambamo raia wa Shelisheli waliingia katika kazi ileile na wageni. Nchi hiyo ina somo la zamani zaidi katika kisiwa cha Cousin, kilichonunuliwa mwaka 1968 ili kumnusuru ndege mdogo mwimbaji ambaye walikuwa wamebaki wasiofika 30 duniani kote. Walioachia msitu wa asili urudi mahali pa minazi, na kukilinda kisiwa usiku na mchana, ni watumishi waliokaa hapohapo mwaka baada ya mwaka. Leo ndege hao ni maelfu, wameenezwa katika visiwa kadhaa. Mgeni akija Cousin, anakuta nyumba yenye wenyewe.

Mtu atasema basi tuwaajiri watumishi tuachane na wageni. Ningekubali, isipokuwa kwa mfano mmoja unaonifanya nisite, nao ni St Kilda. Visiwa hivi vipo zaidi ya kilomita 60 magharibi mwa visiwa vya Hebrides vya Scotland, na wakazi wake 36 wa mwisho waliomba wenyewe kuondolewa, wakaondoka tarehe 29 Agosti 1930, baada ya maisha kuwashinda. Mwaka 1957 visiwa vikawa mali ya shirika la uhifadhi la National Trust for Scotland, na kuanzia mwaka 1958 vikundi vya kujitolea vilianza kupelekwa huko kila kiangazi, watu wakijilipia gharama zao, ili kukarabati nyumba za kijiji, kanisa, na vibanda vya mawe vya kuhifadhia chakula ambavyo idadi yake inapita 1,000. Kuna kinaya hapa ambacho sijawahi kukimaliza kichwani: watu walihama kwa sababu kuyamudu maisha ya pale kulihitaji nguvu kazi wasiyokuwa nayo tena, na sasa nguvu kazi inakuja kwa hiari, kwa zamu, na kulipia, ili paa za waliohama zisiporomoke.

Kinachoifanya St Kilda kuwa mfano mzuri ni aina ya kazi yenyewe. Ukuta wa mawe yasiyo na saruji hauna siku ya kumalizika. Upepo wa majira ya baridi huangusha sehemu, na kiangazi sehemu hiyo husimamishwa. Kazi hiyo haihitaji mtu mmoja kukaa miaka 10, lakini inahitaji miaka 10 isikose mtu, na mtu aliyewahi kujifunza kupanga mawe akirudi mara ya tatu huwa ndiye mwalimu wa anayefika mara ya kwanza. Hapo mzigo wa mafunzo humwondokea mlinzi ukawaangukia wageni wenyewe. Nako tahadhari hailegezwi: meli ya uvuvi ilipokwama katika ghuba ya kijiji mnamo Februari 2008, pamoja na mafuta hofu kubwa ilikuwa panya wakubwa wa melini, maana visiwa vyenye ndege wengi kiasi kile havijawahi kuwa nao.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu anayefikiria kwenda, simwambii asiende. Namwambia aandike barua kwa wahusika kabla ya kulipa, na katika barua hiyo asiulize atawaona ndege gani wala atalala wapi. Aulize kipande atakachofanyia kazi kilifanyiwa nini mwaka jana, ni nani atakayekirudia mwaka ujao, na matokeo yanaandikwa wapi. Aulize pia kama kiti chake botini kingeweza kukaliwa na shehena au na fundi anayehitajika zaidi mwezi huo, na kama ni hivyo, aelezwe ni mwezi gani kiti kiko wazi kweli. Wanaoendesha kazi ya maana hawakasirishwi na maswali hayo. Hujibu kwa namba za vipande, kwa tarehe ya mara ya mwisho gugu lilipoonekana likiwa na maua, na kwa orodha ndefu ya masharti kuhusu soksi, mishono ya mabegi na udongo ulio kwenye nyayo za buti.